Mtumishi si mtoto wa nyumbani

Wakristu wengi husema: "Boyi wangu ni mtoto wa nyumbani. Kumhesabia saa na franka ni kumtukana." Maneno hayo ni ya hila. Mtoto hurithi. Boyi hurithi nini?

Wenye kusema hivyo hututajia Zita mtakatifu wa Lucca, kule Italia. Kweli, aliingia katika nyumba ya matajiri Fatinelli akingali msichana mdogo, akawatumikia mpaka kufa kwake mwaka 1272. Mwaka 1696 Kanisa lilimwandika katika watakatifu. Lakini lilitukuza subira yake, si ukali wa waliomtesa.

Tazameni Marekani. Tangu mwaka 1942 hata 1964 serikali ilipatana na Meksiko kuleta wanaume wa kulima mashamba. Na wanawake wengi wa Meksiko, na baadaye wa El Salvador waliokimbia vita ya 1980 hata 1992, waliingia katika nyumba za wenye mali: kupika, kufua, kulea watoto wa wengine, na wa kwao wamebaki kwa nyanya. Nao pia waliitwa "wa jamaa yetu". Kumbe sheria ya mshahara wa chini ya mwaka 1938 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani hata 1974, miaka 36! Na hata hapo, aliyelala nyumbani kwa bwana wake, yaani yule wa jamaa hasa, alinyimwa nyongeza ya saa za ziada.

Yakobo mtakatifu aliwakemea matajiri waliozuia mshahara wa wavunaji. Hakuandika: isipokuwa wanaokula jikoni mwenu.