Aliyetoka Seminari Hakushindwa



Kijana aliyekuwa Seminari Kubwa anarudi nyumbani. Kabla hajatua mzigo wake, majirani wamekwisha kuuliza: "Amefukuzwa kwa kosa gani?" Mama yake anaacha kuhudhuria sala za shirika, kama mtu aliyefiwa. Baba anahesabu fedha anazosema zimepotea bure. Naye kijana, Dominika inayofuata, anakaa karibu na mlango wa kanisa ili atoke kabla ya baraka ya mwisho.

Kijana huyo nimemwona zaidi ya mara moja. Mmoja wao alikuwa amemfungulia mlezi wake wa kiroho moyo wake wote, wakasali pamoja muda mrefu, akaondoka kwa amani. Amani ile haikuvuka kizingiti cha parokia yetu. Alikaa miaka miwili bila kugusa kinanda cha kwaya, ingawa hakuna mwingine kati yetu aliyejua kukipiga. Nani alishindwa hapo? Yeye, au sisi?

Nasema wazi: aibu tunayowavika vijana hawa ni dhambi yetu, nayo inalidhuru Kanisa.

Tusikilize kwanza sheria ya Kanisa lenyewe. Kanuni ya 1026 inadai kwamba anayepokea daraja takatifu awe huru, na inakataza kumshurutisha mtu kwa njia yoyote ile. Tusidhani kwamba shuruti ni fimbo tu. Machozi ya mama ni shuruti. Mbuzi aliyekwisha kutengwa kwa ajili ya sikukuu ya upadrisho ni shuruti. Mtoto anayeitwa "Padri wetu" tangu akiwa na miaka 12 amefungwa kamba. Ni kamba laini, lakini ni kamba. Naye anayejua kwamba akirudi atachekwa, anabaki kwa hofu, na hofu haijawahi kuwa wito.

Tena, Kanisa linadai muda mrefu: kwa kanuni ya 250, masomo ya falsafa na teolojia huchukua miaka 6 kamili, kwa kanuni ya 1031, hakuna anayepewa upadri kabla ya kutimiza miaka 25. Kwa nini kungoja hivi, kama jibu lilikwisha kupatikana siku ya kuingia? Miaka hiyo ni mizani: kijana anajipima mbele ya Mungu, na Kanisa linampima yeye. Mizani isiyoruhusiwa kulalia upande wa pili haipimi kitu.

Hata wakati Kongo haikuwa na padri mzalendo hata mmoja, haraka haikutawala. Stefano Kaoze alisoma zaidi ya miaka 10 kabla Askofu Victor Roelens hajampa upadri tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, mji tunaouita leo Moba. Kama walingoja wale waliokuwa na njaa kubwa kuliko yetu, sisi tunamkimbiza nani?

Wako watakaonijibu: "Mapadri ni wachache. Vilimani kuna vikanisa ambamo Misa husomwa mara chache kwa mwaka. Tusipowasukuma vijana, nani atakwenda?" Uchungu wa swali hili naujua. Lakini aliyesukumwa hatakwenda kilimani. Atatafuta njia ya kubaki mjini. Kumbukeni Fizi na Baraka, tarehe 28 Novemba 1964, ambapo waliuawa Padri Albert Joubert na Waksaveri watatu, waliotangazwa wenye heri huko Uvira mwaka 2024. Siku kama ile ikifika, padri aliyewekwa na ukoo wake atasimama juu ya nini?

Wengine watasema: "Wako wanaotoka kwa woga au kwa uvivu." Ni kweli, wako. Vilevile wako wanaoingia kwa sababu seminari ina kitanda, chakula na masomo, wakati nje kuna vita na ukosefu wa kazi. Nia hizi zote zichunguzwe, lakini mbele ya walezi na katika sala. Hazichunguzwi kisimani wala katika kikao cha ukoo. Mzee Eli alipotambua kwamba Bwana ndiye aliyekuwa akimwita Samweli usiku, hakujibu kwa niaba yake. Alimfundisha jinsi ya kuitikia, akamrudisha kulala mahali pake. Wazazi na viongozi wetu wangefanya vema kumwiga.

Mzizi wa kosa letu ni imani moja ya uongo: kwamba upadri ni ngazi ya juu, na kwamba mlei ni yule aliyebaki chini. Je, mmemsahau Floribert Bwana Chui wa Goma? Alikuwa mlei, mtumishi wa ukaguzi wa bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichooza kuuzwa kwa watu, akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma. Hakuwahi kuvaa kasula. Nani atathubutu kusema kwamba wito wake ulikuwa mabaki?

Basi, vijana, nawaomba mambo matatu. Wewe unayesikia sauti moyoni, usiifiche na usiitangaze sokoni: mtafute padri anayejua kusikiliza, mwambie yote, hata mashaka yako. Wewe uliye seminarini, sema kweli mapema; ni heri machozi ya mama leo kuliko ndoa ya uongo na altare maisha yako yote. Nanyi nyote wa vikundi vya parokia, kijana akirudi, msiulize kosa lake. Nendeni kwake kabla ya Dominika, mkae naye, mumpe kazi: kwaya, katekisimu, mafundisho ya wadogo.

Yule mwenzetu amerudi kwenye kinanda. Ilitosha mtoto mmoja wa kwaya kumwomba. Sisi wakubwa tulikuwa tumengoja miaka miwili.