Tulichochoma Nyuma ya Banda la Nguruwe

Muhula uliopita sisi mafrateri tulisafisha stoo ya nyumba yetu. Tulitoa ndoo nzima ya betri za maikrofoni na simu kadhaa zilizokufa. Baada ya saa moja vyote vilikuwa shimoni, vikiungua pamoja na makaratasi. Jioni tukaenda Masifu bila wasiwasi. Wiki hiyohiyo tulikuwa tukijadili Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015.

Tuseme wazi tulichochoma. Betri za nikeli na haidridi (NiMH) zinazochajiwa tena, kama zile za maikrofoni, zina madini adimu, hasa lantanamu na seriamu. Betri ya simu haina, ila ina lithiamu na mara nyingi kobalti, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Kongo. Lakini sumaku ndogo ya spika ya simu ina neodimiamu. Licha ya jina lake, madini adimu si haba sana ardhini. Yapo hata kwetu, Ngualla, mkoani Songwe. Kazi ngumu ni kuyatenganisha, nayo huacha taka zenye sumu.

Kuyarejesha kunawezekana. Mwaka 2012 kampuni ya Honda ilitangaza huko Japani kuwa inaweza kutoa zaidi ya asilimia 80 ya madini hayo katika betri kuukuu za magari ya haibridi. Hata hivyo, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inaonyesha kuwa taka za kielektroniki zinatimiza takriban asilimia 1 tu ya mahitaji ya dunia ya madini adimu. Kila kifaa kina kiasi kidogo, na kuvikusanya ni gharama.

Wenzetu wengine wanasema hayo ni ya wahandisi, na kiwanda cha namna hiyo hatuna. Kweli hatuna. Lakini darasani tunajibu vizuri kabisa kwamba umbo likiondoka maada hubaki, kisha tunasimama shimoni kana kwamba kitu kimetoweka. Na aliyevuta moshi ule mchana kutwa ni kijana anayetulishia nguruwe.

Hatumshauri mtu apasue betri nyumbani au azimwagie tindikali. Huko ni kumhamishia maskini sumu. Tunaomba parokia na jumuiya zikusanye tu: chombo chenye mfuniko, mahali pakavu, ncha za betri zizibwe kwa utepe wa gundi, zilizovimba zitengwe, mpaka zitoshe kumpelekea mnunuzi mwenye leseni ya taka za kielektroniki.

Ndoo yetu ya kwanza iko mlangoni mwa bwalo. Shimo bado liko wazi. Tumemwomba Baba Gombera lifukiwe, tunasubiri jibu.