Kengele ya mgodi isingoje jibu la Ulaya

Sisi wa Likasi tunajua kazi ya shefu wa posti. Mbele zamu ianze, yeye ndiye anasema: wewe shuka, wewe baki juu, wewe ende ku mashini. Akipanga vibaya, watu wanaumia.

Leo, katika migodi mikubwa, iko shefu mwingine ambaye hatumuone: programu. Zamani programu ya kampuni ilikuwa kitu kimoja kikubwa. Siku hizi wanaikata vipande vidogo vidogo. Kimoja kinapima hewa, kingine kinahesabu watu walio chini, kingine kinaandika tani, kingine kinatayarisha ripoti ya bakubwa. Kisha programu ya kupanga inachagua kila kipande kitumike wapi: ku ordinatere ndogo iliyo palepale mgodini, ao ku mashini kubwa za mbali, Afrika ya Kusini ao Ulaya.

Mashini za mbali ziko na nguvu mingi. Lakini njia ya kufika kule ni ndefu, na inakatika. Mwezi wa 8, mwaka 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo, ukakata kamba mbili za intaneti, WACS na SAT-3. WACS ndiyo inaingia katika inchi yetu kupitia Muanda. Na si lazima tungoje bahari: umeme ukikosa, ao mtu akichimba kando ya barabara na kukata kamba, rezo inakwenda.

Sasa kipande cha kupima hewa kikiwa kinatumika Ulaya, siku ile nani atapiga kengele?

Tunasema hivi: kupima hewa, kuhesabu watu, kupiga kengele, vyote vitatu vitumike mgodini, na batri yao. Ripoti inaweza kungoja. Tena, ordinatere ya mgodini ni ndogo. Kazi zikiwa mingi, zingine zitapanga mstari. Nani apite mbele, tani ao mtu? Hilo si jambo la fundi peke yake.

Watatuambia kama mashini za mgodini ni bei kali, vumbi na joto vinaziharibu. Ni kweli. Lakini kule Kibali, Haut-Uele, watu wanakaa juu ya ardhi, palepale mgodini, na kuongoza mashini zinazobeba mawe chini bila dereva. Kama kwa ajili ya mawe wanaweka ordinatere karibu, kwa ajili ya mtu wanashindwa nini?

Ndugu delege, kodi ya kazi ya mwaka 2002 inawapa komite ya usalama na usafi. Mkikaa na bakubwa, ulizeni swali moja: rezo ikikatika leo, kengele italia? Musikubali jibu la mdomo. Waikate mbele yenu, musikilize.