Barabara za Pembeni ni Kitabu cha Mwalimu

Katika vyuo vyetu vya ualimu maneno "ziara ya masomo" yamezoea kuleta picha moja tu: basi la kukodi, barabara kuu ya lami, na mwisho wa safari mahali penye sifa, ambapo wanachuo hutembezwa kwa saa mbili na kurejea usiku wakiwa wamechoka. Hatuna ugomvi na safari hizo. Hata hivyo, twaamini ya kwamba mwalimu wa shule ya msingi hujifunza zaidi katika miji midogo na barabara za pembeni, kwani huko ndiko wengi wetu tunakopangiwa kazi, na huko ndiko wanakoishi watoto tutakaowafundisha.

Tuchukue mfano wa Mkoa wa Tanga. Mwanachuo anayetoka Pangani, akapita Muheza na kupanda Amani, kisha akashuka Korogwe, akaenda Mombo, Soni, Lushoto, Mlalo na hatimaye Mtae, atakuwa amepita pwani ya minazi, mashamba ya machungwa, msitu wa mvua, tambarare za mkonge na miteremko ya kabichi na viazi. Safari yote hiyo haimtoi nje ya mkoa mmoja. Ni vitabu vingapi vya jiografia vyenye kurasa nyingi kiasi hicho?

Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Darasani twafundisha kwamba upepo wenye unyevu kutoka baharini hupanda mlima, hupoa, huleta mvua, kisha hushuka upande wa pili ukiwa mkavu. Mwanafunzi huyakariri maneno hayo, akayaandika katika mtihani, akayasahau. Lakini Amani, iliyo upande unaoelekea Bahari ya Hindi, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na tambarare za Mkomazi, zilizo nyuma ya milima ileile, hazipati hata nusu ya kiasi hicho. Mtu aliyesimama Mtae, ukingoni mwa milima, akatazama chini katika nyika kavu huku nyuma yake mashamba yakiwa ya kijani, hahitaji kukariri. Ameona sababu na tokeo lake kwa wakati mmoja, naye ataweza kumweleza mtoto kwa maneno yake mwenyewe.

Historia nayo imelala kando ya barabara hizo. Pangani, mji ambao leo wapita njia wengi huuona mtulivu, ndiko ulikowaka upinzani wa Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani, na ndiko aliponyongwa mwezi Desemba mwaka 1889. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kabla ya kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka uleule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge, na zao hilo likaota vituo vya reli, kambi za manamba, maduka na masoko. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei, na vijiji vingi vilivyoutegemea mkonge vikanywea. Mwalimu akiwauliza wanafunzi, "Kwa nini mji ulikua hapa na si pale, na kwa nini baadaye ulipungua?" amekwisha kuwafundisha uchumi bila kulitaja neno hilo.

Funzo kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, liko Mlalo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona kwamba udongo wa bonde lile ulikuwa ukimomonyoka, na katika hilo haikukosea. Mwaka 1946 ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi, ambao baadaye ulienezwa katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta. Kazi ilikuwa nzito, na wanawake ndio walioubeba mzigo mkubwa. Wananchi walipinga, na kufikia mwaka 1957 mpango uliachwa. Ndugu mwanachuo, litafakari jambo hili. Wataalamu wale walikuwa na elimu, na hatari waliyoisema ilikuwa ya kweli. Lakini walifika na jibu kabla ya kuuliza swali. Ni walimu wangapi wanaoingia darasani kwa namna hiyohiyo?

Hapo ndipo lilipo jambo tunalolihofia. Mwalimu kijana akipelekwa katika kijiji asichokijua, mara nyingi huuhesabu uteuzi huo kuwa adhabu. Kwa kuwa hajafundishwa kupasoma mahali, huona ufukara peke yake. Mtoto wa mkulima, ambaye anajua majira ya kupanda, aina za udongo na njia ya maji katika korongo la nyumbani kwao, hufundishwa kutwa nzima habari za mbali, asiulizwe hata siku moja juu ya anayoyajua. Baada ya miaka saba ametoka shuleni akiamini kwamba elimu inakaa mahali pengine, na kwamba kwao hakuna lolote la kujifunza. Hasara hiyo haionekani katika daftari la matokeo, lakini ni kubwa.

Wapo watakaosema kwamba fedha hakuna, muda ni mfupi, na mitihani haiulizi habari za Soni wala Mombo. Hoja hizi tunaziheshimu. Lakini ziara tunayoipendekeza haihitaji basi. Yahitaji ramani ya mizani ya 1:50,000, daftari, kalamu, viatu imara na asubuhi moja. Kila chuo kimezungukwa na barabara za vumbi, na kila shule ya mazoezi ina gulio, kijito au kilima kilicho karibu. Na kuhusu mitihani, mtoto aliyekielewa kijito cha kwao hatashindwa kuuelewa mto mkubwa wa nchi nyingine. Bali aliyekariri mto wa mbali peke yake hana pa kuanzia.

Yafaa ziara ifuate utaratibu. Kabla ya kuondoka, wanachuo waisome ramani na kuandika maswali matatu au manne, si zaidi. Wafikapo, wapige hodi kwanza kwa afisa mtendaji wa kijiji na kuwasalimu wazee kwa heshima, maana hawakwenda kutalii. Wamsikilize muuza nyanya, fundi baiskeli na mama anayechota maji, nao waandike wanayoambiwa hata yakipingana na kitabu. Wasizipuuze kasoro pia: mfereji ulioziba, mteremko uliolimwa hadi ukaporomoka, zahanati iliyo mbali. Mahali hapafai kupambwa kwa sifa za uongo, kama ambavyo hapafai kudharauliwa. Warudipo, kila mmoja atayarishe somo moja la dakika arobaini kutokana na aliyoyaona, na wenzake walihakiki. Bila hatua hii ya mwisho, ziara ni matembezi tu.

Tunawasihi wakufunzi wenzetu waupe utaratibu huu nafasi katika mazoezi ya kufundisha. Nanyi wanachuo, msingoje ratiba. Likizo ijayo, mnaporejea makwenu, shukeni garini kituo kimoja kabla ya kwenu, mwende kwa miguu njia iliyosalia, mkiuliza kila mnachokipita kwa nini kiko pale.