Mbona Ndoo Haimo Pichani?

Vijana wenzangu, leo sikuja kubembeleza mtu. Nimesoma hadithi zetu, zenu na zangu, na nasema wazi: tukifika kwenye habari za Ughaibuni tunaandika uongo. Shujaa wetu anahangaika Manzese sura mbili nzima, kila shimo la barabara tunalitaja, kila mtaro tunaunusa. Sura ya tatu anapanda ndege. Sura ya nne theluji inaanguka, eti nyeupe kama pamba. Sura ya tano karudi, kavaa miwani nyeusi, anaendesha gari ambalo mtaa mzima unatoka kulitazama. Sasa niulize: kati ya pamba na gari, huyu bwana alikuwa anafanya kazi gani?

Kimya. Ama mwandishi hajui, ama anajua na anaona haya. Na sisi washikaji tulioko huku ndio wabaya zaidi, maana sisi tunajua. Wala sisemi haya nikiwa nimekaa pembeni. Mimi mwenyewe nilidanganya, na uongo wangu ulimgharimu mtu. Nitafika huko. Kwanza tuoshe gari.

Naandika kutoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, kule Marekani inakopakana na Kanada. Elimu yangu ni kidato cha nne, mtoto wa Temeke. Nilikuja kwa shangazi yangu, kwa makaratasi halali, nikiwa na madaftari matatu ya riwaya ambayo hadi leo haijaisha. Kazi niliyoipata ni kusafisha magari kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Nyumbani wangesema nabeba boksi, ingawa boksi lenyewe sijaliona. Yadi haina banda la kuoshea. Kuna kijumba cha ofisi chenye hita, kuna bomba la maji ya moto chooni, halafu kuna uwanja. Magari yako uwanjani. Na sisi tuko uwanjani.

Hebu niwape gari moja tu. Ilikuwa Januari, saa tano asubuhi, kipimajoto kinasema nyuzi 6 chini ya sifuri, na wenyeji wanasema leo afadhali. Wana haki yao: tarehe 30 Januari 2019 mji huu ulishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri. Gari lenyewe mwenyewe alilitelekeza nje tangu majani ya miti yanapukutika, hakulifuta hata mara moja, mwisho akalileta yadi kuuza. Nililiona jeupe. Nikadhani ni theluji. Nikapitisha kidole, nikaonja. Chumvi.

Ndiyo, chumvi. Hili hakuna hadithi yetu hata moja niliyoiona imelitaja. Huku wakati wa baridi malori yanapita yakimwaga chumvi barabarani, kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Chumvi ya kawaida, ndugu yake ile ya mezani, inasaidia mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri hivi. Baridi ikizidi hapo inaanza kushindwa, na inabidi watumie chumvi za aina nyingine. Matairi yanairusha, inaganda milangoni, inajibanza ndani ya madigadi na chini ya gari. Chumvi huvuta unyevu, na kwenye unyevu wa chumvi chuma hakina chake, kutu inakula. Mtu wa Pwani hahitaji somo hapa, anajua bati la nyumba iliyo karibu na bahari linavyokwisha. Na cha ajabu ni hiki: gari lenye chumvi ukiliingiza kwenye gereji yenye joto linaliwa haraka kuliko ukiliacha nje kwenye barafu, kwa kuwa kutu hufanya kazi vizuri penye joto. Tajiri anayelifunika gari lake ndani bila kulisuuza analimaliza kwa mapenzi.

Mimi mgeni nikachukua kitambaa, nikaanza kupangusa. Mzee mmoja wa Mombasa ninayefanya naye kazi akanishika mkono.

"Mwanangu, wapangusa kavu? Hiyo chumvi ni msasa, waikwaruza rangi ya watu."

"Nisamehe mzee. Nimwage maji?"

"Maji gani? Tazama mpira ule."

Nikatazama. Mpira wa maji ulikuwa umeganda, umenyooka kama mti wa ufagio. Hata kama ungetoa maji, ungelivika gari koti la barafu, na ardhi tuliyosimama ingegeuka kioo cha kutuvunja viuno.

Basi mzee akanifundisha, nami nawaambieni kama alivyonifundisha. Unachota ndoo mbili za maji ya uvuguvugu. Ya uvuguvugu, si ya moto! Kioo cha mbele kilichopigwa na baridi ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupasuka palepale, na utakilipa kwa mshahara wako. Ndoo moja unatia dawa maalumu ya kuoshea isiyohitaji kusuuzwa, ya pili ni ya kukamulia uchafu. Unapulizia dawa kwanza, unasubiri chumvi ilainike. Unaosha kipande kidogo tu, nusu ya mlango, na hicho hicho unakikausha kwa taulo kabla hujagusa kingine, kwa kuwa maji ukiyageuzia mgongo yameshakuwa barafu. Kila upande wa taulo unatumika mara moja, kisha unageuza. Taulo zikiisha zinakwenda kuanikwa kwenye hita. Maji ya ndoo yakipoa, na yanapoa upesi, unarudi chooni kuchota mengine. Siku ile nilihesabu safari kumi na moja.

Mlango ukigoma usiuvute kwa hasira, utachana vipira vyake. Unausukuma kwa bega kuelekea ndani mpaka barafu ialike, kisha unaufungua taratibu. Vipira unavifuta vikauke kabisa, unavipaka mafuta ya silikoni ili kesho visigande tena. Nta ya kung'arishia usiiguse, nta inataka joto ili ishike. Hiyo ni kazi ya masika yao, mwezi wa tano.

Chini ya kioo cha mbele, pale vifutio vinapolala, nilichimba majani yaliyooza na kushikana na barafu. Yale majani huziba matundu ya kutolea maji, maji yakikosa njia yanaingia ndani ya gari. Na ndani, jamani! Mazulia ya miguuni yalikuwa magumu kama chapati ya juzi. Theluji ya viatu iliyeyuka humo, ikaganda, ikayeyuka, ikaganda, miezi mitatu. Chini ya siti kikombe cha kahawa kimeng'ang'ania kama jino. Tukiyapasha yale mazulia ofisini, harufu ya ukungu ilitutoa machozi.

Na vidole. Unavaa glavu za pamba, juu yake za mpira, na maji yanaingia tu. Vidole vinauma, vinauma, halafu vinaacha kuuma. Hapo ndipo mzee aliponifokea: "Vikiuma shukuru! Vikinyamaza ingia ndani!" Kidole kilichonyamaza kinaanza kufa. Na ukiingia ndani usikimbilie maji ya moto, maana hukisikii na utakiunguza. Unakitia kwenye maji ya uvuguvugu, kisha unasubiri maumivu yarudi, nayo yanarudi na riba.

Saa tisa na nusu gari lilikuwa limekwisha. Lilikuwa la kijivu, kumbe. Kijivu cha kupendeza, kinachovuta macho. Nilizunguka mara mbili nalitazama, na sioni haya kusema kwamba nilijivuna. Lile gari nililitoa kwenye chumvi kwa mikono yangu hii.

Sasa sikilizeni uongo wangu. Niliisukuma ndoo kwa mguu ikajificha nyuma ya tairi. Nikavua glavu za mpira. Nikasimama mlangoni, kiwiko juu ya paa, nikamwomba mzee anipige picha kwa simu yangu. Usiku nikamtumia mdogo wangu aliyeko Temeke. Akauliza, "Kaka, ni lako?" Nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu."

Someni vizuri jibu hilo. Sikusema ni langu. Sikusema si langu. Nilimtanguliza Mungu, nikajificha nyuma yake kama nilivyoificha ndoo nyuma ya tairi. Wangapi huku wameandika maneno hayo hayo chini ya picha kama ile? Mnajijua.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili anajifunza kupaka rangi magari kwenye gereji ya mtaani. Yeye na mama walikuwa wanadunduliza pesa za kununua kompresa yake mwenyewe, aanze kujitegemea. Zilikuwa zimefika milioni mbili na laki tatu. Mwezi wa tatu akazichukua zote akampa dalali mmoja aliyemwahidi viza na kazi. Dalali alikuwa na kalamu mbili mfukoni na maneno laini. Wiki ya pili simu yake haipatikani. Haijapatikana mpaka leo.

Mama hakunilaumu. Aliniambia tu kwenye simu: "Alisema, kama kaka yake kapata gari kwa miezi minne, kompresa ya nini?"

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nilivyokaa na riwaya yangu yote.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema, huyu anawakatisha vijana tamaa, yeye keshafika sasa anavuta ngazi. La hasha. Anayetaka kuja na aje, kwa njia ya haki, akijua anakuja kufanya nini. Mshahara wangu unalipa chumba na chakula, kinachobaki natuma nyumbani, na kinachobaki si gari. Mtu akishayajua hayo akachagua kuja, huyo kachagua. Mdogo wangu hakuchagua, alidanganywa na picha.

Wa pili atasema hadithi ni ubunifu, mwandishi halazimiki kuosha magari ili aandike. Sawa kabisa. Lakini ubunifu ni kufikiri kwa bidii jambo ambalo hukuliona, na "nyeupe kama pamba" haikufikiriwa na mtu, iliokotwa tu. Nami niliiokota. Imo kwenye daftari langu la pili, ukurasa mzima wa pamba, niliouandika Temeke kwenye joto la kutoa jasho. Nimeuchana.

Wa tatu hatasema kitu, ataona aibu tu kwa niaba yangu. Kidato cha nne, mwandishi mtarajiwa, anaosha magari! Huyu ndiye ninayemtaka hasa. Pale Kinondoni kando ya barabara kuna kijana ana ndoo na sponji, anaosha magari ya watu kuanzia alfajiri. Tunapita tunamwona mtu aliyeshindwa maisha. Mimi nafanya kazi ile ile, kwa ndoo ile ile, na eti mimi ndiye niliyefanikiwa, kwa sababu kati yetu kuna bahari! Kama kazi yake ni ya aibu na yangu ni ya aibu. Kama yangu ni ya kupigia picha, basi yeye naye apigwe picha, tena na ndoo yake.

Shaaban Robert alipotaka kutuonyesha mtu bora, alimwachisha kazi ya ofisini akampa shamba, na neno mkulima akaliweka juu ya jalada: Utubora Mkulima. Kazi ya mikono haikufichwa nyuma ya tairi. Sisi vijukuu vyake tumepatwa na nini? Shujaa wetu lazima awe na pesa ambazo hazina jasho, na gari ambalo halikuoshwa na mtu.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Ninyi mnaoandika mkiwa nyumbani, shujaa akipanda ndege mfuateni mpaka kazini. Ulizeni shangazi, ulizeni kaka, ulizeni tena asipojibu: analala saa ngapi, anashika nini, mkono unamuuma wapi. Na sisi tulioko huku, tukipiga picha tuirudishe ndoo.

Mimi nimeirudisha. Mwezi uliopita nilimtumia mdogo wangu picha nyingine: gari jingine, bado lina chumvi, ndoo mbele, vidole vyangu vimepasuka. Nikamwandikia kila kitu, pamoja na habari za lile la kijivu. Siku mbili hakujibu, nami sikulala. Siku ya tatu akaandika: "Kaka, hiyo chumvi imeshapita kwenye rangi au iko juu tu? Kama imepita, kuosha hakutoshi, inabidi kukwangua mpaka kwenye bati."

Amerudi gereji. Kompresa bado hatuna, tunaanza upya kudunduliza, yeye na mama na mimi.

Anayeona nimekosea achukue kalamu anijibu humu humu. Lakini aanze kwa kutuambia anafanya kazi gani.