Gunia likivuka mpaka, sheria ni ya nani?

Wafanyabiashara wa Majengo, Sumbawanga, hufuatilia bei ya mahindi Kasesya na Kasanga. Wachache huuliza: mnunuzi akigoma kulipa, itatumika sheria ya nchi gani? Zambia, kama sisi, ilirithi sheria ya mikataba ya Kiingereza. Kongo ilirithi ya Ubelgiji, na tangu 2012 imo OHADA, jumuiya ya sheria za biashara yenye nchi 17.

Ushauri wetu: andika kwenye mkataba kuwa sheria ya Tanzania itatumika na mgogoro utaamuliwa na msuluhishi. Tanzania (1964), Zambia (2002) na Kongo (2014) zimeridhia Mkataba wa New York wa 1958 unaotambua tuzo za usuluhishi. Mzigo mdogo haubebi gharama hizo: pokea fedha kabla boti haijang'oa nanga.