Dororo: Kiungo Kinaporudi na Maumivu Yake

Mwaka 1969 televisheni ya Japani ilionyesha mfululizo wa katuni wa vipindi 26, usio na rangi, uitwao Dororo. Mtungaji wa kisa chake, Osamu Tezuka, alikuwa tabibu kwa masomo. Alisomea udaktari Osaka, na mwaka 1961 akapata shahada ya uzamivu ya tiba kutoka Nara kwa utafiti uliohusu mbegu za uzazi za konokono. Riziki yake, hata hivyo, aliitafuta kwa kalamu ya kuchorea. Mwaka 2019 kisa hicho kilitengenezwa upya katika vipindi 24 chini ya uongozaji wa Kazuhiro Furuhashi. Nimeyatazama tena matoleo yote mawili, na naona kwamba hilo la pili lingefaa kutazamwa na kila mhudumu wa afya anayemkabidhi mgonjwa mguu wa bandia, miwani au kifaa cha kusaidia kusikia.

Kisa kinatendeka Japani ya karne ya 15, enzi za vita vya watemi. Mtemi Daigo Kagemitsu anafanya mapatano na mashetani: wampe ukuu, nao wachukue watakacho. Wanachukua viungo vya mwanawe mchanga. Mtoto anabaki bila ngozi, macho, masikio, mikono wala miguu, anatupwa mtoni, na anaokotwa na tabibu aitwaye Jukai, fundi wa viungo vya mti. Huyo anamlea, anamwita Hyakkimaru, na kumtengenezea mwili mzima wa bandia. Akishakua, kijana anatoka kuwawinda mashetani, na kila amwuapo mmoja, sehemu moja ya mwili wake inamrudia. Anayefuatana naye njiani ni Dororo, yatima mdogo, mwizi, mwingi wa maneno.

Katika toleo la 1969 Hyakkimaru, ijapokuwa ni kipofu na kiziwi, anaweza kuzungumza na kujieleza. Nililipenda nilipolitazama mara ya kwanza. Leo naona linapita upesi mno penye jambo lenyewe. Katika toleo la 2019 kijana haoni, hasikii, hasemi, wala hajui maana ya kuumia. Watayarishaji wakathubutu kumwacha katika ukimya huo kwa vipindi kadhaa, na kwa hiyo kila kinachorudi tunakiona kikirudi.

Tena hakirudi kwa furaha. Baada ya ngozi, inarudi hisi ya maumivu, na shujaa aliyekuwa akikatwa bila kutetereka anaanza kujikunyata. Kisha yanarudi masikio. Mtazamaji anatazamia tabasamu, lakini kijana anayaziba kwa mikono yake ya mti: mvua, ndege na sauti za watu vinamwingia vyote kwa pamoja, na hana uzoefu wa kuchagua lipi la kusikiliza na lipi la kuliacha lipite. Kinachomtuliza ni wimbo wa msichana Mio, anayewalea yatima wa vita. Sauti yake mwenyewe inamrudia kwa yowe, wakati shetani anapomng'oa mguu.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mzee mmoja. Alipewa kifaa cha kusaidia kusikia, akarudi baada ya miezi kadhaa kwa ajili ya shinikizo la damu, sikio tupu. Nikamuuliza kifaa kiko wapi. Akasema kiko kabatini. Nikamhubiria juu ya gharama na juu ya wagonjwa wanaokisubiri. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, kijiko kikianguka jikoni nahisi kama nimepigwa kofi." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ubongo uliozoea ukimya kwa miaka huhitaji majuma, pengine miezi, ili kuzoea tena sauti, kwamba aanze kwa saa chache kwa siku, chumbani, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Mimi pia sikumwambia. Nilikuwa na faili 40 mezani, na hilo nalisema kama maelezo, si kama udhuru.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani kuhusu viungo bandia, vilivyotolewa mwaka 2017, vinaitaja huduma hii kwa hatua nne: kumpima mtu, kutengeneza na kumjaribishia kifaa, kumfundisha kukitumia, na kumkabidhi kisha kumfuatilia. Mbili za kwanza tunazifanya kwa bidii. Zinazofuata mara nyingi tunamwachia mgonjwa na jamaa zake, yaani tunamwachia Dororo: mtoto asiyejua tiba, anayemwambia mwenzake hili ni ua, ule ni moto, usiogope. Bahati ni ya aliye naye.

Lipo nisilokubaliana nalo katika kisa hiki. Ulemavu wa Hyakkimaru umetokana na laana, nasi tunaishi na majirani ambao bado humtazama mtoto aliyezaliwa bila mkono wakauliza wazazi wake walifanya nini. Mzazi atakayetazama na mtoto wa namna hiyo aliseme hilo waziwazi. Na vipindi vya katikati, vya shetani baada ya shetani, vinachosha kidogo. Si dhambi kuviruka.

Asiruke, lakini, kipindi ambamo Jukai anakutana tena na kijana wake. Alimpa mwili wote wa mti, akamwacha aende. Tangu hapo anazunguka medani za vita akiwafunga maiti viungo bandia. Hyakkimaru, aliyepungukiwa mguu, anamwomba mwingine. Jukai anakataa, akihofu kwamba mguu huo utamfikisha mahali pabaya zaidi. Sisi hatuna ruhusa ya kukataa hivyo, wala nisingependa tuwe nayo. Lakini angalau aliketi naye, akataka kujua kilichompata tangu waachane. Kijana, ambaye maneno bado ni mageni kinywani mwake, alishajifunza kwa Dororo kwamba anayekulea anaitwaje. Anamtazama fundi mzee, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kuisikia sauti yake, na kumwita mama.